"Lengo Jingine Lolote": Neno, Utumwa na Ukuwadi katika Kesi ya Diggs na Caminetti, 1913–1917

Ikisiri

Makala hii inaichunguza kesi ya jinai ya Maury Diggs na Drew Caminetti, iliyosikilizwa San Francisco mwaka 1913 na kuamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1917, kama tukio la kihistoria ambamo uhuru wa watu ulitegemea ufasiri wa kirai kimoja. Mahakama ilidai kuwa inayasoma maneno ya sheria kama yalivyo. Makala inadai kwamba kuyaona maneno hayo kuwa bayana kulikuwa tayari ni kuyafasiri, na kwamba kilichofutwa katika ufasiri huo, yaani malipo na mtu wa tatu, ndicho ambacho msamiati wa Kiswahili wa ukuwadi umekihifadhi. Suala hili lina uzito kwetu leo kwa kuwa kirai cha namna hiyohiyo kimo katika sheria zetu za jinai, na kinasubiri mfasiri.

Safari ya kwenda Reno

Mwezi Machi 1913 wanaume wawili wa Sacramento, California, walipanda treni ya usiku pamoja na wasichana wawili wenye umri wa miaka 19 na 20, wakavuka mpaka wa jimbo na kuingia Nevada. Mmoja wa wanaume hao, Maury Diggs, alikuwa amewahi kuwa msanifu majengo wa jimbo. Wa pili, Farley Drew Caminetti, alikuwa mtoto wa mwanasiasa mashuhuri, Anthony Caminetti. Wote wawili walikuwa na wake na watoto. Mjini Reno walikodi nyumba ndogo, wakakaa humo siku chache tu kabla ya kukamatwa. Hapakuwa na danguro, hapakuwa na mteja, wala hapakuwa na fedha iliyotoka mkono mmoja kwenda mwingine kwa ajili ya miili ya wasichana wale. Hata hivyo, wanaume hao walishitakiwa chini ya sheria ambayo jina lake rasmi, lililoandikwa ndani ya sheria yenyewe, lilikuwa Sheria ya Biashara ya Watumwa Weupe.

Sheria hiyo ilitiwa saini na Rais William Howard Taft tarehe 25 Juni 1910. Mwasisi wake, James Mann, alikuwa mbunge kutoka Chicago, na watu wengi wameizoea kwa jina lake. Kifungu chake kikuu kilimtia hatiani mtu yeyote anayemsafirisha mwanamke au msichana kutoka jimbo moja hadi jingine, kwa maneno ambayo hapa nayatafsiri kwa uangalifu ninaouweza: "kwa lengo la ukahaba au ufasiki, au kwa lengo jingine lolote la uasherati". Adhabu ilifikia kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 5,000.

Kabla ya kufika mahakamani kesi hii ilikwisha kuwa ya kisiasa. Mwaka huohuo wa 1913 mzee Caminetti aliteuliwa kuwa Kamishna Mkuu wa Uhamiaji katika serikali ya Rais Woodrow Wilson. Iliombwa kesi ya mtoto iahirishwe ili baba amalize shughuli za ofisi yake mpya, na Mwanasheria Mkuu, James McReynolds, akaagiza iahirishwe. John McNab, mwendesha mashitaka wa serikali huko San Francisco, alijiuzulu mwezi Juni kwa kelele kubwa, akimpelekea Rais simu ya maandishi ya malalamiko ambayo magazeti yaliisambaza nchi nzima. Kuanzia hapo serikali haikuwa na njia ya kurudi nyuma. Kuna kinaya kingine ambacho magazeti ya wakati ule hayakuwa na haja ya kukitafuta mbali: sheria ileile ya 1910 ilimtaja Kamishna Mkuu wa Uhamiaji kuwa ndiye mwenye mamlaka ya kupokea na kukusanya taarifa kuhusu wanawake wa kigeni wanaoingizwa nchini kwa ufasiki.

Mwezi Agosti juri lilimtia Diggs hatiani. Mapema Septemba likafanya vivyo hivyo kwa Caminetti. Jaji William Van Fleet alimhukumu Diggs kifungo cha miaka miwili na faini ya dola 2,000, na Caminetti kifungo cha miezi kumi na minane na faini ya dola 1,500.

Ushahidi mkuu ulikuwa wa wasichana wenyewe. Upande wa mashitaka ulijenga hoja kwamba walitishwa kwa habari za kashfa iliyokuwa ikija na kukamatwa kulikokuwa njiani, hata wakakubali kuondoka. Utetezi ulidai kuwa walikwenda kwa hiari yao. Diggs alipanda kizimbani, akaeleza yaliyotangulia safari, lakini akanyamaza kabisa kuhusu safari yenyewe na maisha ya Reno. Jaji aliliambia juri kuwa linaweza kuuzingatia ukimya huo, na Mahakama ya Juu baadaye haikuona kosa katika maelekezo hayo. Kwa mwanaisimu hili ni jambo la kutua na kulitafakari: katika kesi ambayo ingekuja kuwa kielelezo cha usomaji wa maneno bayana, ukimya nao ulihesabiwa kuwa kauli.

"Jingine" na "lolote"

Rufaa iliamuliwa tarehe 15 Januari 1917. Majaji watano, kwa kalamu ya Jaji William Day, walithibitisha hatia. Watatu walipinga: Jaji Joseph McKenna aliyeandika rai pinzani, Jaji Mkuu Edward White na Jaji John Clarke. McReynolds, ambaye sasa alikuwa mmoja wa majaji wa mahakama hiyo, hakushiriki, kwa sababu ambayo msomaji ameshaiona hapo juu.

Hoja ya Day inajulikana kwa kila mwanafunzi wa sheria wa Marekani. Maana ya sheria hutafutwa kwanza katika lugha iliyotumika; lugha ikiwa wazi, mahakama haina wajibu wa kufasiri bali wa kutekeleza. Jina la sheria haliwezi kuyabana maneno ya kifungu kilicho wazi, na ripoti za kamati za Kongresi hazihitajiki mahali ambapo hakuna utata. Tena, akasema, kifungu hakina neno lolote linalodai kuwepo kwa faida ya kifedha. Kumsafirisha mwanamke ili awe hawara ni lengo la uasherati, basi limo.

McKenna alilianza jambo kutoka upande mwingine. Kivumishi kinachohusu maadili ni kipana mno kisipofungwa na kitu. Kifungwe na nini? Na jina la sheria, na ripoti ya kamati iliyoandikwa na Mann mwenyewe, ambayo ilieleza kuwa shabaha ni wale wanaowadhibiti wanawake na kuvuna fedha kutokana nao. Alitahadharisha pia kwamba usomaji mpana ungewapa watu silaha ya kuwatisha wengine na kuwatoza fedha za kununua ukimya. Jambo lisilopaswa kusahaulika ni kwamba McKenna hakuwa adui wa sheria hii. Mwaka 1913, katika kesi ya Hoke, ni yeye aliyeandika hukumu iliyothibitisha kuwa sheria hiyo haikukiuka katiba.

Tuutazame sasa muundo wa kirai. Katika tafsiri yetu kuna vivumishi viwili vinavyofuatana, "jingine" na "lolote", na kila kimoja kinavuta upande wake. "Jingine" hutazama nyuma: huwezi kusema "jingine" bila kuwa umekwisha kutaja la kwanza, na bila kuchukulia kuwa linalokuja ni la jamii moja na lililotangulia. Anayesema "amenunua maembe na matunda mengine" amekiri kuwa embe ni tunda. "Lolote" hutazama mbele na kufungua mlango: halichagui, halibagui. Wanasheria wana kanuni ya Kilatini iitwayo ejusdem generis, inayotaka neno pana linalofuata orodha lisomwe kuwa la jinsi moja na yale yaliyoorodheshwa. Kwa istilahi zetu tungesema kwamba kanuni hiyo inaipa "jingine" mamlaka juu ya "lolote".

Ni rahisi kudhani kuwa wengi walisoma "lolote" na wachache wakasoma "jingine". Mambo hayakuwa mepesi hivyo. Day naye alitegemea jinsi moja, kwa kurejea kesi ya Bitty ya mwaka 1908. Humo Mahakama, kwa kalamu ya Jaji Harlan, ilikuwa imefasiri kirai hichohicho katika Sheria ya Uhamiaji ya 1907, kuhusu mwanamume aliyemleta mwanamke kutoka Uingereza ili aishi naye kinyumba. Uamuzi ulikuwa kwamba kinyumba na ukahaba ni vitu vya jinsi moja. Kwa hiyo mgogoro haukuwa juu ya kuwepo kwa jinsi. Ulikuwa juu ya sifa inayoiunda jinsi hiyo.

Mfano wa nyumbani utasaidia. Tuseme mlangoni pa ukumbi pameandikwa: "Ni marufuku kuingia na kisu, panga au kitu kingine chochote cha hatari." Mtu anafika na nyoka ndani ya kikapu. Mlinzi mmoja anasema kisu na panga ni vyombo vyenye makali, na nyoka si chombo. Mlinzi wa pili anasema kinachoviunganisha ni hatari, nayo imetajwa kwa jina lake. Wote wawili wanafuata kanuni ya jinsi moja, na wote wawili wataapa kuwa tangazo liko wazi. Tangazo lenyewe haliwezi kuwaamua, kwa kuwa sifa inayounganisha orodha haimo ndani ya orodha. Msomaji huja nayo. McKenna alikuja na biashara. Day alikuja na usafi wa mwanamke. Naona hili ndilo kosa la hoja ya maneno bayana, ambalo halionekani kwa urahisi kwa sababu hoja hiyo huvaa vazi la unyenyekevu: jaji anayesema "sifasiri, natii" amekwisha kufasiri alipoamua kuwa hapana utata. Na hapa majaji watatu kati ya wanane waliuona.

Utumwa wa nani?

Sitiari ya "utumwa mweupe" haikuzaliwa Kongresi. Mkataba wa kimataifa wa Paris wa mwaka 1904 ulikwisha kuitumia, na mwingine wa 1910 ukairudia. Ni mwaka 1921, chini ya Shirikisho la Mataifa, ndipo rangi ilipoachwa na kusemwa biashara ya wanawake na watoto. Katika sheria ya Marekani rangi ilikuwemo katika jina peke yake. Kifungu kilisema "mwanamke au msichana yeyote". Day alipolitupa jina kando, basi, aliitupa pia rangi, angalau kwenye karatasi. Katika utekelezaji rangi haikutupwa. Tarehe 13 Mei 1913, miezi michache kabla ya hukumu za San Francisco, juri la Wazungu watupu huko Chicago lilimtia hatiani Jack Johnson, bingwa wa kwanza Mweusi wa ngumi za uzito wa juu duniani, chini ya sheria hiyohiyo, kwa safari za mwaka 1910 za mwanamke Mzungu aliyekuwa na uhusiano naye. Alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja, akakimbia nchi, akajisalimisha mwaka 1920. Msamaha wa Rais ulimfikia mwaka 2018, miaka 72 baada ya kifo chake.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kuitilia shaka sitiari hii, kwa kuwa kwetu wakati ule utumwa haukuwa sitiari. Sheria ya Zanzibar ya 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa iliwaacha nje masuria, kwa hoja kwamba wao wahesabiwe kama wake. Ubaguzi huo ulidumu hadi 1909. Tanganyika ilisubiri hadi 1922. Maana yake ni kwamba Rais Taft alipotia saini Sheria ya Biashara ya Watumwa Weupe, masuria wa Unguja na Pemba walikuwa na mwaka mmoja tu tangu sheria iwatambue kuwa huru, na ng'ambo ya pili ya maji, chini ya Wajerumani, mtu bado aliweza kuwa mali ya mtu.

Historia hiyo imeacha alama katika maneno. Mtu akitafsiri hukumu ya Bitty kwa Kiswahili atakwama mara moja kwenye jina la hali aliyokuwa nayo yule mwanamke. "Suria" hafai, kwa kuwa suria asili yake ni mjakazi, na watoto wake kwa bwana wana haki zao katika sharia ya Kiislamu. "Hawara" ni mpenzi tu. Halisemi kuwa ametunzwa. "Kimada" ndiye aliyewekwa na kugharimiwa. "Malaya" ni mwingine kabisa. Maneno manne, na kila moja lina uhusiano wake na fedha, hiari na hadhi. Kirai cha "lengo jingine lolote" kiliyakunja yote manne kuwa moja.

Upande wa wanaume hali ni ileile. Kiswahili kina "kuwadi", neno lililotoka Kiarabu, na umbo la tendo hilo lina watu watatu: anayetaka, anayetakiwa, na anayekwenda baina yao akitarajia chake. Ondoa wa tatu, ukuwadi haupo. Diggs na Caminetti hawakuwa na wa tatu. Mzee yeyote wa pwani angewaita wazinzi, pengine kwa ukali kuliko Jaji Van Fleet, lakini asingewaita makuwadi, na kama angeulizwa walimuuza nani asingepata jibu. Simaanishi kuwa Waswahili walikuwa na huruma zaidi kwa wazinzi. Ninachosema ni kwamba lugha ilitenganisha dhambi na biashara, na ikaweza kuzihukumu mbali mbali.

Na wasichana? Sheria iliyodai kuwakomboa iliwaleta hadharani, ikawaweka kizimbani wasimulie faragha yao mbele ya waandishi wa habari, na utetezi ukataka juri lielekezwe kuwa wao ni washirika wa kosa ambao maneno yao yapokelewe kwa tahadhari. Jaji alikataa. Lakini mwaka 1915, katika kesi ya Holte, Mahakama ya Juu, kwa kalamu ya Jaji Holmes, ilikuwa imeshaamua kuwa mwanamke anaweza kushitakiwa kwa kula njama ya kusafirishwa kwake mwenyewe. Jaji Lamar alipinga, akisema aliyekusudiwa kuwa mwathirika hawezi kugeuzwa mkosaji, na aliyeungana naye ni Day. Wapo wanaoweza kuona mkinzano kati ya Day wa 1915 na Day wa 1917. Mimi siuoni. Katika rai zote mbili mwanamke ni kitu kinachosafirishwa: kwanza kitu kisichoweza kutenda kosa, kisha kitu ambacho hiari yake haibadilishi lolote.

Mara mlango ulipofunguliwa haukufungwa kwa urahisi. Mwaka 1946, katika kesi ya Cleveland, Wamormoni wa madhehebu yaliyoshikilia mitala walitiwa hatiani kwa kuvuka mipaka ya majimbo na wake zao wa pili na wa tatu. Jaji Douglas aliiweka mitala ndani ya "lengo jingine lolote". Jaji Murphy alipinga akieleza kuwa mitala ni aina ya ndoa, iliyokita mizizi katika dini na desturi za jamii nyingi, na haiwezi kuwekwa kapu moja na ukahaba. Tanzania, ambayo Sheria yake ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya wake wengi, ingemwelewa Murphy bila maelezo. Kongresi iliondoa kirai chenyewe mwaka 1986, ikaweka mahali pake tendo la kujamiiana ambalo mtu anaweza kushitakiwa nalo.

Kirai nyumbani kwetu

Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, na katika ile ya Kenya, Sura ya 63, yapo maneno yanayomtia hatiani mwanamume anayewashawishi watu mara kwa mara hadharani kwa malengo yaliyo kinyume cha maadili, na yamekaa pamoja na kosa la kuishi kwa mapato ya ukahaba. Kirai hicho si mtoto wa sheria ya Mann. Ni ndugu yake kwa upande wa Uingereza, kutoka Sheria ya Uzururaji ya 1898, na maisha yake huko yanafanana kwa kushangaza na ya nduguye: ilitungwa dhidi ya wanaume wanaoishi kwa migongo ya makahaba, lakini kwa vitendo ikawaangukia wanaume waliotafuta wanaume wenzao, ambao hawakuwa makuwadi wa mtu yeyote.

Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria Tanzania, na kazi ya kuzitafsiri sheria zilizopo imo mikononi mwa watu, baadhi yao waliopitia madarasa yetu. Mfasiri wa kifungu hiki ana njia kadhaa. Akiandika "uasherati" atakuwa ameingiza neno ambalo tafsiri za Biblia hulitenga na "uzinzi", huku msomaji Mwislamu, aliyezoea "zinaa" inayofunika yote mawili, akilipa mipaka mingine. Akiandika "maovu" atakuwa amefungua mlango mpana kuliko wa Day. Akiandika "ukahaba" atakuwa amelirudisha suala la malipo ndani ya kifungu, na hapo si mfasiri tena bali McKenna, akitoa rai pinzani bila kuwa jaji. Katika semina moja ya istilahi niliyohudhuria, neno hili lilipewa dakika chache, likaandikiwa "uasherati" katika safu ya kulia, na wajumbe wakaendelea na linalofuata kwa mpangilio wa alfabeti.